NGC 3628: galaksi inayoonekana kwa ubavu

Galaksi hii imo katika kundinyota la Asadi, yaani Simba, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 35. Ni galaksi yenye umbo la parafujo, lakini mikono yake haionekani, kwa kuwa tunaitazama ubavuni, kama chapati iliyoshikwa wima usawa wa macho.

Tazama utepe mweusi unaoikata katikati. Si ufa wala pengo: ni vumbi laini lililochanganyika na gesi baridi, nalo huzuia nuru ya nyota zilizo nyuma yake. Humo ndimo nyota mpya huzaliwa.

Sasa fuata utepe huo hadi ncha zake. Sahani ya galaksi imepinda na kufura pande zote mbili, jambo ambalo galaksi iliyoachwa peke yake kwa kawaida hailipati. Jirani zake, M65 na M66, ziko karibu, na uvutano wao umeivuruga. Kutoka ubavuni mwake umechomoka mkia hafifu wa nyota na gesi, wenye urefu wa miaka ya nuru 300,000 hivi. M66 nayo ina mikono isiyolingana. M65 imetulia zaidi.

Galaksi zinapopishana hivi, nyota zenyewe ni nadra mno kugongana, maana nafasi kati yake ni kubwa ajabu. Gesi ndiyo inayosukumwa na kubanwa.

Mtaalamu wa nyota Charles Messier aliorodhesha M65 na M66 mwaka 1780. NGC 3628, iliyo hafifu zaidi, ilisubiri kugunduliwa na William Herschel mwaka 1784.