Mlio Sikioni, Wala Si Mvumo

Wako watunga istilahi wanaoshikilia kwamba sauti anayoisikia mtu bila chanzo cha nje iitwe mvumo wa masikio. Ukoo wa neno hilo unajulikana: upepo huvuma, ngoma huvuma, nyuki wa mizinga ya Kibondo huvuma. Lakini kuvuma ni sauti nzito, na wagonjwa wengi husikia sauti nyembamba, kama ya nyenje au filimbi. Tena nduguye, uvumi, ni habari isiyo na ushahidi. Mgonjwa anayehofu kutoaminiwa hahitaji jirani huyo.

Kosa kubwa zaidi halionekani kutoka meza za Dar es Salaam. Kwa Kirundi, umuvumo ni laana. Kiha cha Kasulu na Kibondo ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na kambi ya wakimbizi ya Nduta, huko Kibondo, ilipofunguliwa upya mwaka 2015, ilipokea maelfu ya Warundi. Mama wa huko akiambiwa ana mvumo masikioni, atamtafuta daktari au aliyemlaani? Jibu la kawaida ni kwamba lugha za mipakani haziuhusu usanifishaji. Jibu hilo ni la dharau, na linakera.

Wengine hung'ang'ania kelele za masikioni. Kelele ni chanzo kimojawapo cha tatizo lenyewe! Tuandike kwamba kelele za mashine zimemletea fundi kelele?

Neno ni mlio. Kilatini, lilikotoka jina la kitabibu tinitasi, kina kitenzi tinnire: kulia kama kengele au chuma kilichogongwa. Kulia kwetu kunatosheleza hayo yote: mtoto hulia, ndege hulia, bunduki hulia. Na kuna ndugu wengi wa Kibantu, kuanzia kurira ya Kirundi hadi kũrĩra ya Kikuyu.

Neno hilo humtumikia daktari pia. Linalia sikio moja au yote mawili? Mlio unaokwenda na mapigo ya moyo humwelekeza kwenye mishipa ya damu. Wa sikio moja, hasa usikivu ukiwa umepungua, humfanya afikirie uvimbe kwenye neva ya kusikia, na hapo MRI huhitajika. Huchungulia kwa otoskopu kama nta imeziba, hugonga uma wa sauti, hupima usikivu. Kisha huuliza dawa: mgonjwa wa kifua kikuu aliyechomwa streptomisini, au wa malaria aliyepewa kwinini. Kwa miaka mingi kwinini ndiyo iliyotibu malaria kali, na mlio ni athari mashuhuri ya dawa hiyo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti badala yake kwa watoto pia.

Matumizi ni mepesi: mlio sikioni kwa sikio moja, mlio masikioni kwa yote mawili, mlio wa mapigo kwa ule unaofuata moyo.