Pipa, Tani na Divai Nyekundu ya Bordeaux

Istilahi za divai hutupa taabu si kwa sababu Kiswahili hakina maneno, bali kwa sababu kinayo, nayo yameingia kwa milango mbalimbali. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, kutokana na vinho. Divai hunasibishwa na du vin ya Kifaransa. Kwa kuwa kamusi za zamani zililipa neno mvinyo maana ya kileo kikali pia, sisi tunashikilia divai kwa kinywaji cha zabibu kilichochachuka bila kukenekwa.

Pipa nalo ni la Wareno. Ambalo wengi hawalitambui ni kwamba tani pia imezaliwa na chombo cha divai. Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry Plantagenet, aliyetawazwa mfalme wa Uingereza mwaka 1154. Na kwa muda wa miaka 300 hivi, hadi vita vya Castillon vya mwaka 1453, Bordeaux ilifungamana na taji la Uingereza. Meli zilizochukua divai zilipimwa kwa idadi ya mapipa makubwa ziliyoweza kupakia. Jina la pipa hilo, tonneau kwa Wafaransa na tun kwa Waingereza, likawa jina la kipimo, likatufikia sisi kama tani. Karani wa bandari ahesabuye tani za saruji anahesabu mapipa ya divai pasipo kujua! Huko Bordeaux tonneau ni lita 900, yaani mapipa manne ya barrique, kila moja lita 225, ujazo uliowekwa na sheria mwaka 1866.

Pipa basi lilikuwa kwanza kipimo na chombo cha safari. Divai ya enzi zile ilikuwa nyepesi, nayo ilinywewa mapema kabla haijageuka siki. Katika karne ya 17 wafanyabiashara wa Kiholanzi walieneza desturi ya kuchoma kiberiti ndani ya pipa, na divai ikaweza kukaa. Ndipo mti wenyewe, mwaloni, ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa mialoni ya Mamre, ulipoanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya ladha. Mbao hukunjwa kwa moto, na moto huo huzaa harufu ya vanila na ya moshi. Hewa hupenya kidogo kidogo na kulainisha kinywaji. Kwa hiyo kusema divai "imehifadhiwa" katika pipa hakutoshi, maana hata ghala huhifadhi. Kuzeesha ni tafsiri sisisi. Kuvundika kulitushawishi kwa ajili ya ndizi, lakini kunakaribia mno kuvunda. Tunapendekeza kukomaza. Jambo hili si anasa: Dodoma hulima zabibu na kutengeneza divai, na kibandiko cha chupa ni ahadi kwa mnunuzi.

Kadhalika mchanganyiko. Mkulima wa Bordeaux hupanda Merlot, inayowahi kuiva na iliyo laini, pamoja na Cabernet Sauvignon, inayochelewa na iliyo kali zaidi, ili baridi au mvua isimharibie yote. Aghalabu kila aina huchachushwa peke yake, kisha huunganishwa kwa kuonja. Neno mchanganyiko humkumbusha mnunuzi maziwa yaliyotiwa maji; lakini mseto wa mchele na choroko haumlaumishi mpishi. Iwe divai ya mseto.

Ukali wa tanini tayari una jina zuri: ukakasi, ule wa ndizi mbichi au bibo. Tanini hushikana na protini za mate, na ulimi ukakauka. Mlaji akitafuna nyama, tanini hupata kitu kingine cha kushikana nacho. Ndiyo sababu divai hii huandamana na mwanakondoo wa Pauillac, au nyama ya ng'ombe iliyochomwa juu ya vijiti vya mzabibu. Uhusiano huu Wafaransa huuita accord, nasi tunaona mapatano yanafaa kuliko uoanishaji. Na samaki wenye mafuta hawapatani nayo, kwani huacha ladha ya chuma kinywani. Ingawa watu wa Bordeaux, kwa ukaidi wao, humpika lamprey, yule samaki mrefu kama mkunga, katika divai nyekundu hiyo hiyo.