Kosa, Dhambi na Jinai: Sheria na Dhamiri Katika Nchi ya Mara

Historia ya Kanisa haiandikwi kwa majina ya wachungaji na tarehe za ujenzi peke yake. Huandikwa pia kwa maswali ambayo Wakristo walilazimika kuyajibu katika maisha yao ya kila siku, na mojawapo ni hili: mkosaji ni nani? Katika miaka mia moja iliyopita, watu wa Musoma, Bunda na Butiama wameona matendo yaliyosifiwa na wazee yakigeuka kuwa jinai, na mtu aliyetiwa hatiani akigeuka kuwa kiongozi wa taifa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sheria yaweza kubadilika kwa siku moja, ilhali dhamiri ya watu hubadilika polepole. Na kwamba mara nyingi wanaoumia katika pengo hilo ni wanyonge.

Kosa kama deni

Kabla ya utawala wa kikoloni, jamii nyingi za Mara hazikuwa na jela. Kosa lilihesabiwa kuwa deni baina ya ukoo na ukoo. Aliyeua au kujeruhi, jamaa zake walitoa ng'ombe, na wazee wakasimamia mapatano ili damu isiendelee kumwagika. Msomaji wa Biblia hapaswi kushangaa, kwa maana Torati nayo, katika Kutoka 22, inamwagiza mwizi wa ng'ombe kumlipa mwenye mali.

Hata hivyo, mila hiyo ilikuwa na mpaka wake. Kumwibia ndugu au jirani kulikuwa aibu, lakini katika jamii za wafugaji, hasa Wakurya, kijana aliyeswaga ng'ombe wa kabila jingine alipokewa nyumbani kama shujaa. Serikali ya kikoloni haikutambua tofauti hiyo. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika mwaka 1945, wizi wa mifugo ulikuwa wizi tu, na mshitaki hakuwa tena ukoo uliopotelewa, bali serikali. Mwizi alikwenda jela, lakini mara nyingi mwenye ng'ombe alirudi kwake mikono mitupu. Ndiyo maana wazee wengi waliona kwamba sheria mpya ilijua kuadhibu, ila haikujua kupatanisha.

Mpaka ulioumba jinai

Upande wa Bunda, badiliko lilikuja kwa mchoro wa ramani. Waikizu na majirani zao Wanata na Waikoma walikuwa wawindaji tangu zamani, na msimu wa nyumbu ulikuwa msimu wa kitoweo. Tayari mwaka 1896 Wajerumani walikuwa wametoa amri ya kudhibiti uwindaji, na Waingereza wakaifuata njia hiyo. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1974 ikatungwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Mtu aliyekuwa akiitwa mwindaji akaanza kuitwa jangili, ingawa upinde ulikuwa ule ule na nyama ilikuwa ile ile.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Katika miaka ya 1970 na 1980 biashara ya pembe ilipunguza sana tembo wa Serengeti na kukaribia kuwamaliza faru. Bila sheria, wajukuu wa wawindaji wale wangewajua wanyama hao kwa picha tu. Lakini baba aliyetega nyumbu mmoja kwa ajili ya watoto wake hakuwa sawa na tajiri aliyeagiza shehena ya pembe. Neno moja, jangili, likawafunika wote wawili, na aliyekamatwa kwa wepesi zaidi alikuwa maskini.

Mshitakiwa wa Butiama

Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama na mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alishitakiwa jijini Dar es Salaam kwa jinai ya kuwakashifu maofisa wawili wa utawala wa kikoloni katika gazeti la TANU. Alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ikalipwa. Mwezi Desemba 1961 mtu huyo huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Aidha, ni vema tukumbuke kwamba mwaka 1962 serikali huru nayo ilitunga sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Anayeshika kalamu ya sheria ndiye anayechora mstari wa kosa, hata kama jana alisimama kizimbani.

Uchawi: nani mkosaji?

Hakuna jambo linaloonyesha pengo la sheria na dhamiri kama uchawi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ilitungwa mwaka 1928. Pamoja na kumwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, inamhesabu kuwa mkosaji pia yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kwa wanakijiji wengi mambo yalionekana kupinduliwa: mlalamikaji ndiye aliyefungwa!

Chimbuko la mtazamo huo liko mbali. Katika karne ya 16 na ya 17 Ulaya iliwaua watu wengi kwa kosa la uchawi, katika nchi za Kikatoliki na za Kilutheri pia. Martin Luther mwenyewe, katika mahubiri yake ya mwaka 1526 juu ya Kutoka 22, aliunga mkono adhabu ya kifo kwa wachawi. Hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Uingereza ilibadili mawazo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1736: mahakama ikaacha kumshitaki mchawi, ikabaki kumshitaki anayejidai kuwa mchawi. Waingereza walipofika Tanganyika walileta matunda ya badiliko hilo, lakini si safari ndefu iliyolizaa. Kwa hiyo hofu ilibaki vijijini, ila sasa haikuwa na baraza la kuisikiliza. Kati ya mwaka 1970 na 1984 walihesabiwa watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake. Kanda ya Ziwa, bibi kizee mwenye macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni aliweza kuhukumiwa kwa macho hayo tu.

Binti mlangoni

Ukeketaji nao ulihesabiwa na baadhi ya makabila ya Mara kuwa wajibu wa mzazi mwema. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliufanya kuwa jinai kwa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Mabadiliko yapo, lakini ni ya polepole. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2015-16, wanawake asilimia 32 mkoani Mara walikuwa wamekeketwa; mwaka 2022 walikuwa asilimia 28. Baadhi ya wazazi walianza kuwakeketa watoto wakiwa wadogo zaidi, kwa siri. Ndiyo maana nyumba salama, kama ile ya Kiabakari wilayani Butiama, zimehitajika kuwapokea mabinti wanaokimbia.

Tujifunze nini basi? Si kwamba kila kosa ni desturi tu, wala si kwamba kila sheria ni haki. Kanisa nalo lilipata kuwatenga watu na Meza ya Bwana kwa kucheza ngoma, jambo ambalo leo hatulihesabu hivyo. Kipimo kinachodumu ni kuuliza: ni nani aliyeumizwa, na ni nani atakayeponya jeraha lake? Sheria yaweza kumfunga ngariba. Haiwezi kumrudisha binti kwa mama yake wakiwa wamepatana. Usiku wa Desemba anapobisha hodi kwenye nyumba ya mchungaji, sheria imekwisha kusema. Kazi inayobaki ni yetu.