Kadi 40, usiku mmoja, na binti wa Worcester

Najua nimepotea. Wale mlioniuliza kwenye foleni ya chakula nikawajibu "nipo nipo tu", mnisamehe, nilikuwa chumbani nakata kadi.

Wengi wenu mnajua ilivyoanza. Mwaka wa kwanza tulipokuwa tunaandaa zana za kufundishia kwa ajili ya mazoezi ya ualimu, nilibaki na vipande vya manila vya kila rangi. Kuvitupa nikaona uchungu, nikaanza kutengeneza kadi. Ua la karatasi, kipande cha lesi nilichoomba kwa fundi cherehani, maneno mawili matatu kwa makapeni. Nilikuwa nagawa bure kwa kila aliyetimiza miaka pale kwetu hosteli. Halafu mtu mmoja akanipa 1,500, na mwingine akanipa, basi nikajiona tajiri.

Muhula uliopita dada mmoja wa mtaani akaniagiza kadi 40 za kicheni pati. Nikakubali huku natabasamu. Siku ya kukabidhi nilikuwa nazo 23. Sikulala usiku ule, vidole vimeganda gundi, na asubuhi nina jaribio. Yule dada akazichukua zile 23, akanilipa zake, akaniambia taratibu: "Mdogo wangu, kazi yako nzuri, ila siku nyingine uniambie ukweli mapema." Jamani, bora angenitukana.

Sasa, katika kununa kwangu huko, nikawa nasoma kuhusu Mapinduzi ya Viwanda kwa ajili ya somo la kufundishia, nikakutana na binti aliyepita njia hiyo hiyo miaka zaidi ya 170 iliyopita. Anaitwa Esther Howland. Ngoja niwasimulie.

Alizaliwa mwaka 1828 mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na vifaa vya kuandikia, na mama yake aliandika kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kilichotoka mwaka 1844. Yaani nyumba nzima ilikuwa inanuka wino. Mwaka 1847 Esther alihitimu Mount Holyoke, chuo cha wasichana kilichoanzishwa na Mary Lyon mwaka 1837. Wahitimu wengi wa pale walikwenda kuwa walimu, kama sisi hapa.

Muda mfupi baada ya kuhitimu akaona kadi ya wapendanao iliyotoka Uingereza, imetumwa na mtu aliyekuwa anafanya biashara na baba yake. Ilikuwa na karatasi ya lesi, maua ya rangi yaliyokatwa na kubandikwa, kila kitu. Wakati huo kadi nzuri za namna hiyo Marekani zilikuwa zinaagizwa kutoka nje na bei yake ilikuwa haishikiki. Esther akasema hii hata mimi naiweza. Akamwomba baba yake amwagizie karatasi za lesi na picha, akatengeneza sampuli kama dazeni moja.

Hapa wadau tusimame kidogo. Kwa nini wakati ule? Jibu ni posta. Uingereza kabla ya mwaka 1840 barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni anayepokea. Fikiria umeandikiwa shairi la mapenzi halafu unadaiwa hela ndiyo ulisome! Mwaka 1840 ikaja stempu ya peni moja kwa nchi nzima. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1843, Henry Cole wa London, mtu aliyeshiriki kuisukuma ile posta ya peni, alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi. Zikachapwa kama 1,000, zikauzwa shilingi moja moja ya Kiingereza. Marekani nao walishusha gharama za barua mwaka 1845, na stempu zao za kwanza za nchi nzima zikatoka mwaka 1847, mwaka ule ule Esther anamaliza chuo. Kwa hiyo binti alikuwa na kipaji, sawa, lakini pia barua ilikuwa imeshuka bei.

Turudi kwa sampuli. Kaka yake alikuwa anasafiri kuuzia maduka bidhaa za baba yao, akazibeba. Inasimuliwa kwamba Esther alitarajia oda za dola 200 hivi. Kaka akarudi na oda za zaidi ya dola 5,000.

Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini. Mimi kadi 40 zilinishinda, huyu ameletewa maelfu! Angefanya kama nilivyofanya mimi, angekesha hadi azeeke.

Kumbe hakukesha. Aliita marafiki zake, akawaweka ghorofa ya juu nyumbani kwao, akaigawa kazi vipande vipande. Mmoja anakata picha, mwingine anapanga karatasi ya chini, mwingine anabandika lesi, mwingine anaweka maua, kadi inapita mkono hadi mkono. Esther mwenyewe alitengeneza kadi ya mfano ya kuigwa, na kuzikagua zilizokamilika. Na hii ni zaidi ya nusu karne kabla ya Henry Ford kuweka mkanda wa kuunganishia magari mwaka 1913.

Biashara ikakua. Mwaka 1850 alikuwa anatangaza kwenye gazeti la Worcester. Nyuma ya kadi zake akaweka herufi H nyekundu, na baadaye kampuni ikaitwa New England Valentine Company. Akawa anaweka kipande cha karatasi ya rangi kali chini ya lesi nyeupe ili ua lionekane (hii nimeiiba, mtaiona). Mwaka 1879 kampuni ikatoa kijitabu chenye beti 131 ili mteja asiyependa maneno ya ndani achague mengine na kuyabandika juu. Nami kumbe nilikuwa napoteza saa nzima nikitunga maneno upya kwa kila kadi! Inasemekana mauzo yake yalifikia kati ya dola 75,000 na 100,000 kwa mwaka.

Halafu baba yake akaugua. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Esther akaiuza kampuni kwa George C. Whitney, mtengenezaji mwenzake wa pale pale Worcester, akaenda kumuuguza mzee. Alifariki mwaka 1904 bila kuolewa, yeye aliyetuma mapenzi ya watu nusu ya Marekani. Kampuni ya Whitney iliendelea hadi mwaka 1942, wakati wa vita, karatasi zilipoadimika.

Sasa, kwenye zile semina za ujasiriamali tunazolazwa njaa, tungeambiwa: mnaona, binti alithubutu! Ni kweli alithubutu. Lakini hesabuni na vingine. Duka la baba la kuagizia karatasi. Kaka mwenye njia tayari ya maduka. Posta iliyoshuka bei. Ghorofa isiyolipiwa kodi. Ukimwambia mtu bumu lenyewe halijatoka kwamba athubutu tu, unamdanganya.

Alichoniachia mimi ni kingine. Kwanza, sampuli ilitangulia, oda ikafuata, ndipo kazi. Pili, alikubali mikono mingine iguse kitu anachokipenda. Hilo la pili ndilo lililonishinda usiku ule. Mwenzangu wa chumbani alijitolea kunikatia maua, nikakataa, nikasema atayaharibu. Tungekuwa wawili tungezimaliza zote 40, na nisingemwaibisha dada wa watu.

Basi wiki iliyopita nimejaribu. Tulikaa wanne sakafuni: mmoja mkasi, mmoja gundi, mmoja lesi, mimi maneno. Jioni moja tumetoa kadi 31. Maua mengine yamepinda, lakini wanunuzi hawakuyaona, niliyaona mimi tu.

Ugomvi ukaja mwishoni. Nilitoa makapeni nyekundu niandike herufi yangu nyuma, kama Esther. Mwenye mkasi akaniangalia: "Na sisi je?" Nikakosa la kusema. Maana ukweli ni kwamba ile H tunaijua hadi leo, lakini wale wasichana wa ghorofani waliokata na kubandika, hadithi inapita bila kuwataja hata jina moja.

Kadi zote 31 ziko mezani hazina alama nyuma. Hela tumekubaliana kugawana sawa, hilo halikuwa gumu. La herufi tutalikalia kikao kesho baada ya kipindi cha jioni, na mimi ndiye nitakayeanza kwa kuomba radhi.

Nikipita kwa yule dada wa kicheni pati nitampelekea 17 zilizobaki, bure. Sherehe imeshapita, najua. Nitampelekea hivyo hivyo.

Haya, alamsiki.