Miduara Mitatu Mbele ya Kilimanjaro

Mwenye kutaka kuunda mfano mdogo wa ndege ya vita iliyoruka mbele ya Kilimanjaro mwaka 1916 hana budi kuanza na B.E.2c. Ndiyo ndege ya Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kikosi cha watu wa Afrika Kusini kilichoshuka Mombasa mwishoni mwa Januari mwaka huo na kupiga kambi Mbuyuni, mashariki ya Taveta. Katika kipimo cha 1/72, mbawa zake za mita 11 zapungua hadi kiasi cha sentimita 16.

Rangi ndiyo mtihani wa kwanza. Wengi hukimbilia ile kahawia yenye ukijani ijulikanayo katika picha za vita hivyo. Rangi hiyo, mchanganyiko wa udongo wa manjano na masizi, ilianza kuenea katikati ya 1916, na haikukusudiwa kuficha ndege tu: ilikinga kitambaa kisiozwe na jua. Machi, Moshi ilipotwaliwa, ndege za namna hii zilikuwa bado na kitani kitupu kilichopakwa vanishi angavu, mithili ya malai. Fundi mwaminifu atapaka rangi ya malai, kisha aongeze vumbi jekundu magurudumuni.

Baadaye huja alama. Hizi huchapwa juu ya utando mwembamba ulioshikwa na gundi kwenye karatasi. Ndege hupakwa vanishi ya kung'aa kwanza, kwani juu ya rangi iliyoparuza hewa hunaswa chini ya utando na kuacha ukungu wa kifedha. Alama hukatwa, huloweshwa katika maji ya uvuguvugu, kisha husukumwa kwa brashi hadi mahali pake. Maji hukamuliwa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda kandoni. Nyekundu iwe katikati, nyeupe ifuate, buluu izunguke nje. Akipindua mpangilio huo, fundi amekwisha kuigeuza ndege ya Mwingereza kuwa ya Mfaransa.

Miduara hiyo haikuwa pambo. Mwaka 1914, huko Ufaransa, askari wa ardhini walikuwa wakiifyatulia risasi kila ndege waionayo, hata iliyo yao. Waingereza walijaribu kuchora bendera yao, lakini kwa mbali msalaba wake ulishabihiana na msalaba wa Wajerumani. Ndipo mwishoni mwa mwaka wakaazima miduara ya Wafaransa na kuipindua rangi.

Lakini mbele ya Kilimanjaro Wajerumani hawakuwa na ndege hata moja. Ile ya Bruno Büchner, iliyokuwa Dar es Salaam vita vilipoanza, iliharibika mwaka huohuo wa 1914. Hata Julai 1915, ndege zilipotoka Mafia kuelekeza mizinga iliyoimaliza manowari Königsberg katika Rufiji (ile iliyoizamisha Pegasus hapa Unguja Septemba 1914), anga ilikuwa ya upande mmoja. Kwa hiyo alama iliyobuniwa kutenganisha rafiki na adui ilisafiri hadi mahali ambapo kila kilichoruka kwa injini kilikuwa cha Mwingereza. Askari wa Kihindi, wa Afrika Kusini na wa King's African Rifles hawakuhitaji kusoma rangi; ilitosha kusikia mngurumo. Kiswahili nacho hakikuuliza miduara: kiliviita vyote ndege.

Vifaa vya kuundia huja na rubani wa plastiki na mwangalizi wake aketiye mbele. Mpagazi haonekani kwenye sanduku. Reli ya kutoka Voi ilipokomea, mizigo ya jeshi iliendelea vichwani na mabegani, na kwa hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam katika mtaa wa Kariakoo. Katika kipimo cha 1/72 mtu mzima hana hata sentimita tatu. Fundi anayemtaka mpagazi chini ya bawa la ndege yake itambidi amchonge mwenyewe.