Nguo za Babu Zetu katika Hesabu za Wafanya Biashara

Katika shule zetu za Singida watoto hupenda kucheza michezo ya kuonyesha mambo ya kale, na mchezo mmoja upendwao sana ni ule wa misafara ya pwani. Tulipata kuutazama mchezo wa namna hiyo. Wachezaji walikuwa hodari, na nyimbo zao zilisisimua. Lakini wapagazi, walioambiwa kuwa ni watu wa mwaka 1857, walikuwa wamejifunga kanga zenye maandishi, na mama mwenye nyumba alivaa gauni la maua. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi akauliza kwa upole, "Je, hawa ni wazee wetu, au ni sisi wenyewe?"

Swali lile halikutuacha. Nguo huoza, na mchwa hawana heshima na historia. Basi mtu atajuaje nguo walizovaa watu wa zamani hizo?

Wengi watajibu kwamba tutazame picha katika vitabu vya wasafiri. Picha ni msaada, lakini tusiziamini upesi. Nyingi zilichongwa Ulaya na mafundi ambao hawakupata kuiona nchi hii hata siku moja, nao walitaka kumpendeza mnunuzi wa kitabu. Twaona kuwa shahidi aliye bora ni yule ambaye hakufikiri hata kidogo kwamba anaandika historia, yaani mfanya biashara na orodha ya mali yake. Akikosea nguo ipendwayo na watu wa bara, mzigo wake utakataliwa, na wapagazi wake watalala na njaa. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kujidanganya.

Mataifa mengine pia hutafuta mavazi ya kale kwa njia hii. Huko Hispania, fundi cherehani aitwaye Juan de Alcega alipiga chapa kitabu mwaka 1580 chenye michoro ya kuonyesha jinsi ya kukata nguo, na watu watengenezao mavazi ya michezo hukisoma hata leo. Huko Chicago, kampuni ya Sears, Roebuck ilipeleka kwa watu vitabu vinene vya bidhaa na bei zake mpaka mwaka 1993, na mtu akivifungua aona nguo za kila mwaka. Sisi wa Singida hatuna kitabu cha Alcega, wala hakingetufaa sana, kwa kuwa babu zetu wengi hawakukata nguo wala kuishona, walijifunga. Kwao kipimo ndicho kilichokuwa mshono.

Na vipimo vimeandikwa. Msafiri Richard Burton alipita Mgunda Mkali mwaka 1857, lile pori ambalo sehemu yake kubwa sasa imo katika Manyoni. Kitabu chake cha mwaka 1860 kina maelezo marefu ya bidhaa za misafara. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani yadi mbili hivi, na mkono ni toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Doti ilikuwa mikono minane. Mama aendaye dukani leo kuomba doti ya kanga atumia neno lile lile, ingawa hapimi tena kwa mkono wake.

Orodha itupendezayo kupita zote ni ile ya Henry Stanley. Mwaka 1871, alipokuwa Unguja akijitayarisha kumtafuta Livingstone, hakujua achukue nguo gani, akamwuliza mfanya biashara Mwarabu. Akaambiwa kwamba watu mia moja watakula kwa doti 10 kila siku. Basi kwa mwaka mmoja anunue doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi. Jumlisheni wenyewe, mtapata 3,650, ambayo ni doti 10 kwa siku 365. Tena aliambiwa kwamba barsati yapendwa sana Unyamwezi, na sahari yapokewa Ugogo. Hapa ndipo hesabu ya mfanya biashara inapotufunulia jambo ambalo picha haisemi: watu wa bara walikuwa na uchaguzi wao, nao walijua kukataa.

Merikani ilikuwa pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja hasa na merikebu za Salem. Kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa nili, nyeusi karibu. Barsati, asema Burton, ilikuwa ya buluu yenye mfuo mpana mwekundu. Na sahari ya Maskati ilikuwa na miraba ya buluu na nyeupe, pamoja na taraza nyekundu. Lakini jihadharini na majina. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hata 1865, vilipunguza nguo zile, na baadaye viwanda vya Bombay vilifuma za kufanana nazo. Watu waliendelea kusema "merikani" hata ilipokuwa imetoka Bara Hindi.

Na zile kanga za mchezo wetu? Kanga zilianza pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, nazo za mwanzo hazikuwa na maandishi. Mpagazi wa Burton hangeweza kuifunga.

Hata hivyo orodha hizi zina upofu mkubwa, na tusipouona tutawadhulumu bibi zetu. Mfanya biashara huandika kile alichouza tu. Ngozi za mbuzi na za ng'ombe, ambazo Wanyaturu na Wanyiramba walizikuna, wakazilainisha kwa mafuta na kuzivaa, hazimo katika hesabu yake, kwa kuwa hazikutoka katika mzigo wake. Vivyo hivyo nguo za pamba ambazo Wanyamwezi walizifuma wenyewe kwa vitanda vyao vya kufumia. Mtu asomaye orodha peke yake aweza kudhani kwamba kabla ya merikani watu walikuwa uchi, na wako waliosema hivyo. Wale wajuao kazi ya kulainisha ngozi ya ng'ombe hata ikunjike kama kitambaa hawatasema neno hilo. Kazi hiyo bado yakumbukwa na wazee wachache, na kumwuliza mzee hakuhitaji fedha.

Kwa hiyo tulimwendea mwalimu wa mchezo ule, naye akatusikiliza bila kuona haya. Wapagazi wamepewa shuka za pamba isiyotiwa rangi, mikono minne kila mmoja. Wawili wamepewa nguo nyeusi badala ya kaniki. Sahari hatukuipata dukani, basi mwanafunzi mmoja apaka miraba ya buluu kwa mkono. Yule mama mwenye nyumba asubiri ngozi. Mzee aliyetuuliza swali ameahidi kuilainisha mwenyewe, ila ataka kwanza aletewe mafuta.