Gitare ya besi iko ya nani?



Mu mikutano yetu ulizo moja inarudi kila mara. Tufanye nini na vyombo vya kazi vyenye chama inawapa wenye kurudi, kisha vinavunjika, vinapotea ao vinaibiwa? Wamoja wanasema mashini ya kushona ibaki ya chama, mwanachama aitumie tu. Wengine wanasema apewe kabisa, akiharibu ni shida yake. Wafadhili nao wanauliza, na wako na haki, juu ni franka zao.

Jibu nimeitafuta fasi yenye hatuna zoezi ya kutafuta: mu historia ya wapiga gitare. Kwa Kiswahili mashini ya kushona na gitare vyote tunaita vyombo. Na wanamuziki wamevunja, wamepoteza na wameibiwa vyombo miaka mingi mbele yetu. Chombo chenye kiliwatesa zaidi ni gitare ya besi.

Wakati besi ilikuwa mu kidole

Muji wetu ulianza mu 1910, wakati reli kutoka kusini ilifika. Kazi ya Union Minière ikaleta watu wa kila upande: wa Katanga yenyewe, wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini, wa Ruanda-Urundi. Gitare kavu ikapata wenyeji kati yao. Jean-Bosco Mwenda, muzaliwa wa 1930, Hugh Tracey alimurekodi kule Jadotville, yenye leo tunaita Likasi. Losta Abelo na Édouard Masengo nao walipiga kwa mutindo ule wa Katanga: kidole gumba kinashika sauti nzito ya chini, kidole cha pili kinatembeza wimbo juu yake. Hakuna mutu aliuliza besi iko wapi. Ilikuwa mu kidole gumba.

Ile wakati chombo kilikuwa kimoja, na mwenyewe alikuwa mumoja. Kikipasuka, ni yeye analia, ni yeye anatafuta gundi, ni yeye anaamua kukiuzisha ao kukibakisha.

Umeme ulibadilisha mambo. Mu 1951, kule California, Leo Fender alianza kuuzisha gitare ya besi ya umeme, juu kontrabasi ya muti ilikuwa kubwa sana kwa kubeba, tena haikusikika wakati ngoma na tarumbeta zimepanda. Besi hiyo iko na nyuzi ine nene. Zote pamoja zinavuta shingo ya gitare kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi, sawa vile mutu mukubwa ananing'inia pale usiku na muchana. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kushindana na ile nguvu.

Sasa weka gitare hiyo nyuma ya lori, mu jua ya mwezi wa kumi, kisha mu mvua ya mwezi wa kumi na mbili. Muti unakauka, unavimba, shingo inapinda, sauti inakuwa ya uongo. Uzi moja ukikatika, huwezi kuomba kwa mwenzako mwenye kupiga solo, juu wake ni mwembamba sana. Watu wanachemsha nyuzi za zamani mu sufuria ili zitoe uchafu na zilie tena. Na hata besi ikiwa nzima, bila ampli na bila umeme ni ubao tu.

Njo vile besi ilikuwa chombo chenye mutu wa mushahara mudogo hawezi kununua peke yake. Ikabidi kutafuta mwenye franka.

Mwenye vyombo njo mwenye orkestra

Huyo mwenye franka alikuwa na sura mbalimbali. Kule Léopoldville mu 1956, OK Jazz ilichukua jina yake ku bar yenye ilipigia, OK Bar. Dar es Salaam, NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa orkestra ya chama ya wafanyakazi: wanamuziki walilipwa mushahara, vyombo vilikuwa vya chama. Kisha kukawa orkestra za makampuni ya serikali na orkestra za wafanyabiashara. Mu 1985, Hugo Kisima, mwenye vyombo vya Safari Sound, aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, na orkestra ingine ikasimama. Wale walihama na vidole vyao tu. Magitare waliyoacha nyuma hayakuwa yao, na yenye waliikuta mbele hayakuwa yao vilevile.

Watoto wa kwetu nao waliingia mu njia hiyo. Baba Gaston, muzaliwa wa Likasi, alipeleka orkestra yake Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha Nairobi. Super Vox, yenye Mutonkole Longwa Didos aliianzisha mu 1967, ilifika Nairobi mu 1974 na ikabadilisha jina: Super Mazembe. Atia Jo njo alikuwa ku besi. Tunawakumbuka kwa nyimbo, lakini mbele ya yote walikuwa wageni mu inchi ya watu. Na mugeni mwenye kujua kupiga lakini hana chombo, kazi yake ya kwanza ni kutafuta mwenye vyombo.

Tuangalie vizuri kama mupango huu unafanya nini siku shingo ya besi inapinda. Mupigaji anasema: si yangu. Mwenye vyombo anasema: si mimi niliipiga. Gitare inabaki imesimama ku ukuta, na kila juma inaharibika zaidi. Kuvunjika kunageuka magomvi, na kisha magomvi mutu anaondoka. Wenye kufuatilia vyombo vya chama wanaijua habari hii. Ukiweka kinga ya mizigo mu fasi ya besi, maneno ni yaleyale.

Siku za kupoteza

Kuna kupoteza kwenye hakuna mutu anaweza kukataza. Mu mwezi wa kumi ya 1991, uporaji wenye ulianzia Kinshasa ulifika Lubumbashi, maaskari wakiwa mbele. Mwenye kupora anapenda kitu chenye kuuzishwa mbio, na gitare pamoja na ampli ni vitu vya namna hiyo. Mu 1992 na 1993, maelfu ya familia za asili ya Kasai zilifukuzwa; ku gare za Likasi na Kolwezi zililala inje majuma na miezi zikingojea treni. Mu hali ile, chombo cha kazi kinauzishwa kwa bei ya unga. Wanachama wengi walipitia njia ingine, ya Zambia: kambi za Kala na Mwange, kisha kurudi kati ya 2007 na 2010, kwa lori hadi Pweto ao kwa mashua hadi Moba. Nao walichagua kitu gani kipande mu lori na kitu gani kibaki.

Tena kuna wizi wa kawaida, wenye hauchague tajiri ao masikini. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake ya Höfner kule Hamburg mu 1961, kwa bei ya pauni 30 hivi. Mu mwezi wa kumi ya 1972 waliiiba ndani ya gari, London. Ilirudi kwake kisha miaka zaidi ya 50. Habari ilitangazwa mu mwezi wa pili ya 2024. Jaco Pastorius, mupiga besi mukubwa wa Marekani, aliibiwa yake New York mu 1986. Yeye alikufa mwaka wenye ulifuata. Gitare ilionekana tena mu duka moja ya muji ule karibu miaka 20 kisha kufa kwake.

Zile besi mbili zilirudi juu gani? Si juu polisi walikuwa hodari. Zilikuwa na sura yenye watu wanajua: picha, alama, mikwaruzo, vipande vyenye vilibadilishwa. Mutu akiiona anaweza kusema: ni ile. Mashini ya kushona ya mwanachama wetu ikiibiwa leo, nani anaweza kusema: ni ile? Namba yake haiandikwe fasi, picha yake hakuna.

Besi yenye mwizi hawezi kuitajirikia

Lakini Lubumbashi iko na jibu ingine, na ni ya wenye hawakuwa na mwenye franka. Ni karindula. Mubaijui? Ni banjo kubwa sana: pipa ya mafuta, ngozi ya mbuzi juu ya mudomo wake, shingo ndefu ya muti, nyuzi ine, kopo ya maziwa ya unga nayo inapata kazi pale. Inalia chini sawa besi, na haiombe ampli. Ngambo ingine ya Luapula, Wazambia wako na ndugu yake, kalindula, besi ya kujitengenezea yenye ilipatia jina muziki muzima wa mu miaka ya 1970 na 1980. Wenye waliishi Kala wanaijua. Mu 2011 kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa sahani na filme ya vikundi vya karindula vya Lubumbashi: BBK, Bana Lupemba, Bena Simba na Bena Ngoma. Watu wa Ulaya wakashangaa. Sisi tulikuwa tunaipita mu barabara.

Karindula inavunjika kama chombo kingine. Ngozi inalegea mu mvua, inapasuka mu jua. Lakini ngozi inapatikana kwa muchinjaji, pipa ku soko, waya wa breki ya kinga unafanya kazi ya uzi. Mwenye kuipiga ao jirani yake njo aliitengeneza. Basi anajua kuitengeneza tena. Wakimuiba leo, baada ya siku chache iko na ingine, na mwizi amebaki na pipa.

Sisemi mufundi wa kushona ajitengenezee mashini na pipa. Besi ya Fender ni chombo kizuri, na mwenye kuihitaji aipate. Ninasema historia hii inatuachia mambo matatu, na ninayaleta mbele ya mukutano mukuu.

La kwanza, chombo kiwe cha mwanachama, kwa karatasi yenye jina yake, tangu siku ya kwanza. Alipe kidogo kidogo, kwa njia ya likelemba kama anataka, lakini ajue ni chake. Mutu anatengeneza kitu chake.

La pili, kila chombo kipigwe picha, namba yake iandikwe mu kitabu cha chama, pamoja na alama zake. Hii haiombe franka ya mufadhili. Inaomba telefone moja na saa moja.

La tatu, wakati wa kununua, tuulize mbele mafundi wa Kenya na Katuba: vipande vyake vinapatikana hapa? Unajua kukitengeneza? Kama jibu ni hapana, tuache, hata kama bei ni nzuri. Na sehemu ya franka ya wafadhili ibaki kando kwa matengenezo. Kwa wafadhili ninajua hii haipendeze mu ripoti, juu shingo yenye kunyooshwa haipigwe picha sawa mashini mpya. Lakini ni ile shingo yenye kunyooshwa inalisha watoto mwaka wa pili na wa tatu.

Mukutano njo utaamua. Kwa sasa, kila mwanachama mwenye mashini, kinga ao chombo kingine cha chama, aangalie namba yake chini ao nyuma, aiandike, na aje nayo ku mukutano wenye kuja.